Masanja, usinunue uzito

Mwanza,
Jumapili jioni

Mpendwa kaka yangu Masanja,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mume wangu shemeji yako, na kwa watoto. Hatujambo sote. Mvua imenyesha tangu asubuhi, watoto wamelala mapema, nami nimepata nafasi ya kukaa mezani nikuandikie kwa utulivu.

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama jikoni, nikairudia usiku. Hongera sana, ndugu yangu. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Huyo Rehema nilimpenda tangu siku ile uliyomleta kwetu akaingia jikoni bila kuombwa, akachukua mwiko. Wifi wa namna hiyo hapatikani kila siku.

Sasa suala la pete. Umesema duka la kwanza pale Deira limekuwekea pete ya almasi ya karati 1.00, duka la pili limekuwekea ya karati 0.55, na zote mbili zinakwenda kama milioni sita za kwetu. Moyo wako umeshaegemea ile kubwa, na umebakiza siku chache tu za kukaa Dubai. Masanja, kabla hujatoa hela, naomba unisikilize. Ninayokuandikia hapa sijamwambia mtu yeyote nje ya nyumba hii.

Pete niliyovaa mimi ni ya karati 1.01. Shemeji yako alidunduliza karibu miaka miwili. Muuzaji alimwambia, "Hii ni karati moja na ushee, mzee, hutaipata tena kwa bei hii," naye akaamini, kwa sababu nani asiyeelewa maana ya moja? Siku ananivisha nililia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini baada ya miezi michache nilianza kuona kitu. Nikiwa ofisini chini ya taa, jiwe linametameta pembeni tu, katikati pamekaa giza, kama mboni ya jicho. Mwenzangu wa meza ya jirani ana kito kidogo, hakifiki nusu ya uzito wa changu, lakini akinyoosha mkono kuchukua faili chumba kizima kinajua ana pete. Nilifikiri changu ni kichafu. Nikakiosha, nikakisugua kwa mswaki, giza likabaki palepale.

Nilikipeleka kwa sonara mmoja mzee hapa mjini. Akalitazama jiwe kwa lenzi yake, akalipima kwa kipimo chembamba cha chuma, kisha akaniandikia namba mbili kwenye kipande cha karatasi ambacho bado ninacho: upana milimita 6.2, kina asilimia 67 ya upana huo. Akasema, "Mama, jiwe la karati moja lililokatwa vizuri linafika milimita 6.5 au pungufu kidogo. La kwako uzito wake umekaa tumboni, na ukanda wake, ule ukingo wa pembeni unaolizunguka, ni mnene. Mwanga unaingia juu, unapitiliza chini, haurudi kwako." Upana huo wa 6.2, alisema, unaupata kwenye jiwe zuri la karati 0.90. Kwa hiyo shemeji yako alilipia karati nzima, mimi nikavaa upana wa pungufu, na nuru hata hiyo pungufu sikuipata.

Sikumwambia kwa wiki tatu. Nilipomwambia alikaa kimya, akaniomba mkono, akaitazama ile pete muda mrefu. Kaka, sura yake ya siku ile ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu leo.

Basi sikiliza mambo yanavyokwenda. Sisi kwenye Kiswahili tuna neno moja, karati, kwa vitu viwili, na hapo wengi wanapotea. Karati ya dhahabu ni usafi wake katika sehemu 24. Karati ya almasi ni uzito mtupu, gramu 0.2. Haisemi chochote kuhusu uzuri. Na bei ya uzito haipandi kama bei ya sukari, kwamba kilo mbili ni mara mbili ya kilo moja. Inapanda kwa kuruka. Jiwe likifika 0.50 bei ya kila karati inaruka, likifika 1.00 inaruka tena, kwa sababu watu wanataka kusema "nusu" na "moja". Jiwe la 0.95 na la 1.00 ukiyaweka kwenye kiganja huwezi kuyatofautisha, ila kwenye risiti utayatofautisha. Na mkataji anajua hilo. Akiwa na jiwe ambalo akilikata sawasawa litatoka 0.92, atashawishika kuliacha na tumbo ili lifike moja. Ndivyo lilivyozaliwa jiwe langu.

Unakumbuka hadithi ya almasi ya waridi tuliyosimuliwa shuleni Mwadui? Ile iliyopatikana mwaka 1947 kwenye mgodi wa Williamson, palepale Mwadui, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi? Ilikuwa na karati 54.5 ilipotoka ardhini. Baada ya kukatwa ilibaki 23.6. Tulipokuwa watoto tulisikitika, tukasema wameiharibu, wametupa zaidi ya nusu. Leo ndiyo naelewa. Jiwe lile lilikuwa la bintimfalme, na bado wakakubali zaidi ya nusu yake igeuke vumbi ili kilichobaki kiwake. Wewe na mimi tunaohesabu shilingi tunang'ang'ania nini na uzito?

Nimezitazama picha za vyeti ulizonitumia, zote mbili. Vyote ni vya GIA, hiyo ni taasisi ya Marekani inayoheshimika kwa kupima almasi, hapo sina wasiwasi. Ila soma chini ya uzito. Ile ya karati 1.00: rangi J, usafi I1, mkato "Good", upana 6.3, kina asilimia 65.6. Hilo neno "Good" lisikudanganye. Kwenye ngazi yao juu yake kuna "Very Good", na juu kabisa kuna "Excellent", kwa hiyo "Good" ni daraja la tatu kati ya matano. Ile ya 0.55: rangi G, usafi VS2, mkato "Excellent", upana 5.3, kina asilimia 61. Tofauti ya upana ni milimita moja tu. Kwa milimita hiyo moja umeambiwa uache kila kitu kingine.

Linalonitisha zaidi kwenye hiyo kubwa ni I1, maana usafi unashuka kutoka VS2 hadi SI1, kisha chini zaidi hadi I1. Usafi, yaani uchache wa madoa kwenye jiwe, unapimwa kwa lenzi inayokuza mara 10, na kwa VS2 hutaona doa kwa macho makavu hata ukilitafuta, na SI1 mara nyingi vilevile. I1 unaweza kuliona ukiwa umekaa nalo mezani. Na kama doa lenyewe ni ufa uliofika pembeni, jiwe linaweza kumeguka likigongwa vibaya. Almasi ni ngumu kuliko kitu chochote cha asili kwa kukwaruzwa, lakini ngumu si sawa na isiyovunjika, waulize wazee wa mgodini. Rehema ni nesi, mikono yake haikai.

Kwa upande wa rangi usijitese. Herufi zinaanza D, jeupe kabisa, zinashuka hadi Z lenye umanjano. Kutoka D hadi F unalipia kitu ambacho wifi yangu hatakiona akiwa sokoni wala kanisani. Na umesema anapenda dhahabu ya njano. Basi jiwe la H au I ndani ya dhahabu ya njano litaonekana jeupe, kwa sababu dhahabu yenyewe imelizunguka na rangi yake. Hapo ndipo pa kubana matumizi. Kama angetaka dhahabu nyeupe ningekuambia vingine, na ningekukumbusha kwamba ile hupakwa rodiamu, metali nyeupe, juu na baada ya miaka kadhaa inabidi ipakwe tena.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: zote mbili ziache kwanza. Rudi lile duka la pili, ulizia jiwe la kati ya 0.60 na 0.68, rangi H au I, usafi SI1 ambalo halionyeshi doa kwa macho, mkato "Excellent" na si chini ya hapo, kwenye dhahabu ya karati 18, ndani ya pete utaona muhuri wa 750. Likikaa ndani ya milioni sita zako, chukua. Lisipokaa, chukua ile ya 0.55 bila majuto. Mkato usiupunguze hata kwa punguzo la namna gani, maana ndiyo kazi ya mkono wa binadamu, na ndiyo inayowaka.

Halafu usilitazame jiwe pale kwenye taa zao. Taa zile za dukani zimewekwa kwa kazi hiyo, hata kipande cha chupa kitawaka. Omba uende nalo karibu na mlango, kwenye kivuli, ulifunike nusu kwa kiganja. Jiwe lililokatwa vizuri linaendelea kuwa hai kivulini. Langu kivulini linazima. Mwambie muuzaji akupe lenzi akuonyeshe namba iliyochongwa kwenye ukanda wa jiwe, uilinganishe na ya cheti. Asiyetaka kukuonyesha, muage kwa heshima.

Umeniuliza pia kuhusu yule kijana aliyekuonyesha almasi ya maabara ya karati moja na nusu kwa bei ndogo kuliko zote. Si bandia, Masanja. Ni kaboni ileile, imekuzwa kwa wiki kadhaa kwenye mtambo, na kile kifaa cha mkononi cha kupimia almasi kitaikubali. Bei zake zimeporomoka sana miaka hii, ndiyo maana anaweza kukupa kubwa. Sina ubaya nayo hata kidogo. Ila ukiinunua, mwambie Rehema kabla hujamvisha. Asije akaambiwa na sonara siku anapeleka pete kupanuliwa. Na mimi nikisema kwa moyo wangu, baba yetu aliendesha lori shimoni Mwadui miaka ishirini na zaidi, ambako tani mia nzima za mwamba zinatoa karati chache tu. Nadhani wewe unataka jiwe lililotoka ardhini. Nadhani ndiyo sababu hukuniuliza kuhusu dhahabu peke yake.

Usinunue kwa hesabu kwamba siku ya shida utaiuza. Nilipouliza kubadilisha langu, lile duka lililomuuzia shemeji yako lilinitajia bei isiyofika nusu. Na si wao tu, almasi ya rejareja ndivyo ilivyo. Dhahabu utapimiwa na kulipwa, jiwe watalitafutia kasoro.

Kitu kingine ambacho watu hawakitazami ni yale makucha yanayoshika jiwe. Mwaka jana nilikuwa nafua, nikaona uzi wa taulo umenasa kwenye pete. Nikavuta, ukucha mmoja ukainuka kama unywele. Jiwe likawa linacheza, ukilitikisa karibu na sikio unasikia kimlio kidogo. Ningeendelea kufua lingeenda na maji ya povu. Kwa mtu wa kazi kama ya Rehema, anayevaa na kuvua glavu siku nzima, chagua makucha sita badala ya manne, mafupi, yasiyokwaruza. Au ukingo wa dhahabu uliozunguka jiwe lote, hapo hakuna cha kunasa kabisa. Pitisha pete juu ya kitambaa cha shati lako palepale dukani. Ikinasa, irudishe.

Na mwambie aioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Almasi inapenda mafuta. Unakumbuka baba yetu alivyotueleza jinsi zamani migodini walivyopitisha mchanga na maji kwenye meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yanateleza, almasi inanata? Ndivyo inavyonata losheni ya mikono. Wiki mbili tu linafifia.

Kidole chake ni saizi gani? Najua hujui. Mdogo wake alikuja huku mwezi uliopita akaniambia wanabadilishana pete na dada yake, kwa hiyo nimemtumia ujumbe leo apime ile ya kidole cha pete, ndani, kwa rula. Hatasema kitu, ameniapia. Nitakutumia kipimo kesho kabla ya saa sita, saa za huku.

Na ile yangu ipo kidoleni. Tulimpelekea yule mzee akabadilisha makucha yote, jiwe akaliacha. Shemeji yako alitaka kuanza kudunduliza tena anunue jingine, nikamkataza. Nilimwambia hili alilitafuta yeye kwa miaka miwili, nami nitalivaa. Jana usiku umeme ulikatika, akawasha mshumaa hapa mezani, na kwa mara ya kwanza nikaliona linawaka hadi katikati. Akaniambia nisisogeze mkono.

Nitumie picha ya cheti cha tatu ukikipata, hata kama ni usiku wa manane.

Dada yako akupendaye,
Kabula