Chumba kirudishe, saa usiiache

Leicester, Uingereza
Jumapili, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Assalam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama na wote hapo nyumbani Ujiji, Kigoma. Sisi huku hatujambo. Mpe Mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, na umwambie dagaa wamefika salama, hawakulowa, na nyumba nzima ilinukia Kibirizi siku mbili.

Ujumbe wako wa sauti wa Alhamisi nimeusikiliza mara tatu. Sikukupigia kwa sababu kwenye simu tungeishia kulia wote wawili, na mimi nataka uwe na maneno yangu mkononi siku utakapokaa na mwenye nyumba wa studio yako ya dansi pale Mwanga. Umesema anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ameipandisha. Wazazi hawajalipa ada tangu Mei. Kati ya watoto 34 wamebaki 11. Spika moja imeungua. Kuna mtu anataka kununua vioo na spika iliyobaki, na mwingine yuko tayari kukukopesha, ila anataka jibu Ijumaa. Halafu ukasema neno lililonichoma: "Dada, labda dansi siyo biashara ya huku mwisho wa reli."

Hujashindwa, mdogo wangu. Ziwa Tanganyika lilifungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu kamili, samaki wapate kuzaliana. Nani alitegemea mvuvi wa Katonga alipe ada ya kudansi wakati mtumbwi umepigwa pingu ufukweni? Na siyo mvuvi peke yake. Mama anayeanika dagaa, fundi wa boti, muuza mafuta ya taa na mashine, mama ntilie, kijana wa bodaboda anayewabeba, wote hao shilingi yao inatoka majini. Watoto 23 hawakuichoka dansi. Nyumbani kwao hakukuwa na hela, basi.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kulisema hapo nyumbani. Mnajua tu kwamba wakati wa korona studio yangu ilifungwa, kisha ikafunguliwa. Hamjui nilivyokaribia kuipoteza, wala kwamba sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu.

Ijumaa ya 20 Machi 2020 serikali ya huku iliagiza baa, migahawa na kumbi za mazoezi zifungwe usiku uleule. Nilikuwa na ukumbi wa ghorofani katika jengo la zamani la kiwanda cha soksi, maana Leicester ulikuwa mji wa viwanda vya kufuma. Sakafu ya mbao, madirisha marefu, kibao chenye jina langu mlangoni. Wanafunzi walikuwa sitini na kitu. Nikajiambia ni wiki tatu tu. Tarehe 25 Julai studio za dansi England zikaruhusiwa kufungua, sisi tukabaki tumefungiwa, kwa kuwa mji wetu ndio uliokuwa wa kwanza kuwekewa zuio la peke yake, mwishoni mwa Juni.

Misaada ilikuwepo. Sisi tuliojiajiri tulilipwa asilimia 80 ya wastani wa faida ya mwezi, kwa miezi mitatu ya mwanzo. Faida yangu ilikuwa ndogo, kwa hiyo na msaada ukawa mdogo: ulinilisha, haukulipa pango. Ruzuku ya pauni 10,000 iliyotolewa kwa biashara ndogo zenye majengo ilinipita, kwa sababu kodi ya jengo alikuwa akiilipa mwenye jengo na jina langu halikuwa kwenye daftari. Ndipo nikakopa. Mkopo wenyewe ulidhaminiwa na serikali, riba asilimia 2.5, mwaka wa kwanza hurejeshi hata senti. Mkopo mwepesi kuliko huo sijauona, na bado uliniumiza, kwa sababu ya kile nilichoufanyia. Nililipia chumba kitupu. Mwezi baada ya mwezi nalipia sakafu isiyokanyagwa na mtu, kwa kuwa niliogopa watu wakiona kibao kimeshushwa watasema nimeshindwa. Hela zikaisha, Desemba chumba kikaondoka vilevile, na marejesho nayalipa mpaka leo.

Mwenye jengo ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, aliyeletwa huku na fukuzafukuza ya Idi Amin mwaka 1972. Kiswahili chake ni kile cha dukani, lakini anakisema kwa raha. Siku nilipokwenda kumrudishia funguo nikamweleza kila kitu, akanitazama kwa huzuni. "Binti, mbona hukuja mwezi wa nne? Ningepunguza. Chumba bure na chumba nusu bei, mimi nataka kipi?" Sikuwa na jibu. Miezi minane nilikuwa namwogopa mtu ambaye hata sikumuuliza.

Kitu kimoja tu sikukiacha: Jumanne saa kumi na mbili jioni. Hiyo ndiyo saa ya darasa langu tangu nianze, na hata ukumbi ulipofungwa nikaendelea nayo kwa Zoom, sebuleni kwangu. Simu niliisimamisha juu ya sufuria mbili zilizopandana mezani. Jumanne ya kwanza nikapiga ngoma, nawaona watu arobaini wamesimama wananitazama tu. Kumbe programu ile mlio wa ngoma inaudhania kelele, inaukata, inabakiza sauti ya mtu. Walikuwa wanaona mikono yangu ikipanda na kushuka pasipo mlio wowote. Ikabidi nijifunze kuzima kile kichujio. Kupiga makofi pamoja nako hakukuwezekana, maana sauti ya kila mtu inafika kwa kuchelewa kwake, na makofi ya watu arobaini yakawa mvua ya mawe juu ya bati. Tukazima sauti zote, nikabaki mimi nahesabu.

Baada ya Krismasi wakabaki saba. Jumanne moja ya Februari 2021 alifungua mmoja peke yake, bibi mstaafu aliyekuwa akichezea jikoni kwake, kamera inamwonyesha kuanzia mabegani, nyuma yake friji. Akasema kama ni yeye tu, tuahirishe. Nikamwambia saa imefika, tucheze. Tulicheza dakika sitini. Bega lake la kushoto lilikuwa gumu, likipanda na shingo inapanda nalo, tukalirudia polepole mpaka likaviringika lenyewe, na niliona uso wake ulivyobadilika. Mwisho wa Machi michezo ya nje iliporuhusiwa tukakutana Victoria Park, akaja na binti yake na majirani wawili. Tarehe 17 Mei tulipoingia ndani tena tulikuwa kumi na tisa.

Na "ndani" hiyo ni ukumbi wa shule ya msingi ninaoukodi kwa saa mpaka leo. Nalipia saa ninazocheza tu. Majira ya baridi ya 2022, gesi na umeme vilipopanda huku mpaka watu wakawa wanakaa na makoti sebuleni, studio mbili ninazozijua zilifunga milango. Mimi sikufunga, kwa kuwa bili ya kuupasha moto ukumbi haikuwa juu yangu.

Kwa hiyo nakuomba, chumba cha Mwanga kirudishe. Usingoje deni likutoe. Nenda kwa mwenye nyumba wiki hii, mwambie ukweli, muulize kama atakubali mwezi mmoja mmoja kwa bei ya zamani. Akikubali, kaa. Akikataa, mshukuru, toa vitu vyako. Ila saa zako za darasa usizivunje hata wiki moja. Mtoto akifika saa yake akakuta hakuna mtu, ukamwambia njoo wiki ijayo, hapo ndipo studio inapokufa.

Pa kuchezea papo. Uwani kwa Mama, chini ya mwembe, pana nafasi ya watoto ishirini. Nimeongea na Mama jana, amekubali, sharti lake ni kwamba muziki unyamaze dakika kumi kabla ya adhana na kila mtoto afagie kabla ya kuondoka. Na nikwambie kitu cha kifundi: saruji ya Mwanga ilikuwa inawaumiza. Niliona kwenye video mwaka jana watoto wanashika miundi baada ya kuruka. Saruji haipokei kitu, kishindo chote kinabaki kwenye mfupa. Udongo ulioshindiliwa unapokea mguu. Mwagia maji asubuhi, shindilia, jioni vumbi halitatimka. Watoto wa Mwanga najua wengine hawatamudu nauli ya daladala kila mara, kwa hiyo kwa ajili yao omba darasa moja kwa mwalimu mkuu, Jumamosi tu, uahidi kuwafundishia ngoma ya mahafali. Msimu wenyewe ndio huu, darasa la saba wanamaliza mwezi huu na kidato cha nne wanafuata. Shule itakupa chumba, na wazazi watakaohudhuria mahafali watakuona.

Suala la ada nimelifikiria usiku kucha. Umekuwa ukidai 15,000 kila tarehe 5. Tarehe 5 ni ya mwalimu na karani. Mvuvi hana tarehe 5, ana giza. Wewe umekulia hapo, unajua. Mwezi ukiwa mchanga au umeisha, taa zinawaka ziwani usiku kucha kama mji mwingine, na asubuhi hela inaonekana. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu, mfukoni hamna kitu. Ukimgongea mzazi mlango siku za mbalamwezi unamfedhehesha bure, na aibu ndiyo inayomzuia mtoto kurudi. Chukua kalenda ya Mama yenye tarehe za Kiislamu. Kusanya ada kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 5 ya mwezi unaofuata, basi. Asiyeweza kutoa yote alipe 1,000 kila anapokuja.

Na hivi ninavyoandika mwezi unaelekea kuisha. Hili ndilo giza la kwanza tangu ziwa lifunguliwe. Hela yake itakwenda kwenye mafuta na madeni ya nyavu, kwa hiyo usiwadai ya Mei mpaka Agosti. Yafute. Pita nyumba kwa nyumba useme mwenyewe kwamba deni hakuna, mtoto aje. Inauma, najua. Mimi nilikuwa nimeuza kadi za vipindi kumi kumi kabla ya kufungiwa, na niliporudi nikazipokea zote, hata zilizopitisha mwaka. Niliwafundisha watu miezi miwili bila kuingiza kitu. Hao ndio walioleta wengine.

Anzisha pia darasa la akina mama, Jumapili asubuhi, turubai limezungushwa, simu zinabaki kwenye kikapu mlangoni, na mwalimu awe yule binti wako mkubwa, siyo wewe. Ujiji wanawake wengi wanataka mazoezi na hawana pa kuyafanyia bila kutazamwa. Mimi huku darasa la namna hiyo ndilo linalonilipia ukumbi. Harusi nazo usizidharau. Kuwafundisha wapambe kuingia ukumbini ni kazi ya siku tatu, na analipa bwana harusi, siyo mvuvi.

Huyo wa mkopo mwambie hapana kabla ya Ijumaa. Ni kausha damu huyo, nimesikia masharti yake kwenye sauti yako: unarejesha kila siku, na dhamana ni vyombo vya ndani vya Mama. Sitaki hata tulijadili. Kama itafika siku ya kukopa, ipo ile asilimia 10 ya halmashauri, 4 kati yake ni ya vijana, haina riba. Ilisimamishwa mwaka jana, mwaka huu wa fedha imerudishwa. Inatolewa kwa kikundi, kwa hiyo jisajilini wewe na vijana wako wakubwa, muanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na mkiipata isilipie pango. Nunueni kitu kinachozaa: spika za kukodisha, mavazi ya ngoma.

Vioo uza, kama bei ni ya haki. Uwani havina kazi, na pale Victoria Park watu wangu walijifunza wiki saba kwa kutazamana tu. Spika usiuze. Ngoma usimwazime mtu.

Nikirudi kwenye lile neno lako la mwisho wa reli. Sisi tumelelewa na redio za ng'ambo ya ziwa, tumejifunza kutembea kwa rumba ya Kongo kabla ya kujua kusoma. Desemba 2021 UNESCO waliiingiza rumba hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote, na Waingereza hapa wananilipa pauni nane kwa saa niwafundishe nilichokipata bure kibarazani kwetu. Huko mwisho wa reli ndiko ilikotoka biashara yangu.

Nimetuma laki tatu kwa namba ya Mama. Siyo za kodi. Ni za fundi wa spika, turubai, na taa ya sola kwa ajili ya jioni umeme ukikatika.

Jumanne anza uwani, saa kumi jioni. Huku itakuwa saa nane mchana na nitakuwa nyumbani. Nipigie kwa video, weka simu juu ya sufuria za Mama, nataka kuwaona wakicheza. Hata akija mmoja.

Wasalimie shangazi na watoto wote.

Wabillahi taufiq,
Dada yako