Shukrani kwa mzee wa gatini Reine

Mzee wetu wa gatini pale Reine, visiwani Lofoten, kaskazini mwa Norwei: jina hukutuachia, basi shukrani zikufikie hivi hivi. Hata mwezi Julai bahari ile ina baridi ya kukata pumzi, na suti isiyopitisha maji, ile ya kuvaa kwenye kayaki (mtumbwi mwembamba wa kasia), haimfai asiyejua kuivaa. Ulisisitiza zipu ivutwe hadi mwisho kabisa, maana sentimita moja ikibaki wazi inatosha kuingiza maji. Saa ivuliwe, isikae chini ya mpira wa suti unaobana kifundo cha mkono. Ndani sufu, si pamba. Pamba ikilowa jasho huupoza mwili. Kisha ndiyo lile somo lenyewe: kuchuchumaa, kukumbatia magoti na kupanua mpira wa shingo kwa vidole viwili, hewa iliyobaki ndani ya suti itoke fyuu! Isipotoka, kayaki ikipinduka hewa inaweza kukimbilia miguuni, miguu ikaelea na kuogelea kukawa kugumu.

Asante pia kwa kutuambia ngazi za mawe za mlima Reinebringen, kazi ya mafundi Washerpa kutoka Nepali, zisipandwe mvua ikiwa imetoka kunyesha, kwani huteleza. Na ile nta ya kulainisha zipu ya suti bado tunayo.