Nyumba za Disemba

Ndugu mhariri, mi naishi Marangu, naomba niseme kidogo kuhusu hizi nyumba za Disemba, zile zinazofunguliwa Krismasi tu, na kama wenye nyumba tupu waongezewe kodi. Jirani yangu ana nyumba kali kweli, vigae vyekundu, geti kubwa, ila kuanzia Januari mpaka wiki ya Krismasi anayelala pale ni mlinzi tu tena kwenye kibanda cha nje, juzi nimeona kufuli la mlango wa mbele limeshika kutu hadi ufunguo hauingii.

Sasa kule Wales, Uingereza, tangu Aprili 2023 halmashauri inaweza kumwongezea mwenye nyumba ya pili au tupu mpaka asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida. Huku kwetu kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, iwe tupu au imejaa watu bei ileile, na usiponunua umeme deni linakusubiri, ndo maana Disemba wengine wanalalamika umeme umeliwa.

Ila kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, waacheni jamani msiwaongezee, pale wamezikwa wazazi, na nani atapanga katikati ya migomba? Moshi mjini ndo kwenye shida, binti yangu katafuta chumba wiki tatu, kila mahali wanataka kodi ya pango ya miezi sita mkononi, na mtaa huohuo kuna nyumba mbili zimefungwa miaka na miaka, nyasi zimefika dirishani. Hao waongezewe tu kodi ya majengo, na hela izibue mitaro.

Msomaji, Marangu