Aliyeondoka mnamwandika, albamu hamjaisikiliza

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya kwa miaka mingi. Makala ya ukurasa wa burudani ya Jumamosi iliyopita, ile ya kundi la rap la N.W.A la Compton, Marekani, ndiyo imenifanya nishike kalamu. Mwandishi wenu kajaza ukurasa mzima na bifu la Ice Cube na wenzake, nani alimtukana nani, meneja alikula kiasi gani, halafu akafunga kwa kusema kwamba Ice Cube alipotoka kundi “lilibaki jina”. Albamu waliyoitoa baada ya yeye kuondoka kaigusa kwa nusu sentensi. Hakutaja hata wimbo mmoja. Naamini hakuisikiliza.

Ice Cube aliondoka mwishoni mwa 1989 kwa sababu ya malipo, na sehemu kubwa ya mistari ya albamu yao ya awali, Straight Outta Compton, ni kazi ya mkono wake. Hayo sibishi. Lakini Mei 1991 waliobaki walitoa albamu, Efil4zaggin, ile yenye jina lililoandikwa kinyumenyume jaladani, ikaingia chati ya mauzo ya jarida la Billboard la Marekani ikiwa namba mbili na wiki iliyofuata ikapanda namba moja. Tena haikuwa chati ya kukisia. Mwezi huohuo Billboard walikuwa wameanza kutumia takwimu za mashine za madukani, wakaacha mtindo wa kuwauliza wenye maduka nini kinatoka. Kundi lililobaki jina linauzaje hivyo?

Mwandishi wa muziki alipaswa kujiuliza pengo lilizibwa na nani. MC Ren alibeba mzigo wa mistari. The D.O.C., ambaye ajali ya gari ya Novemba 1989 ilimharibu koo akapoteza sauti yake, aliendelea kuwaandikia wenzake ilhali mwenyewe hawezi tena kuchana, yaani kurap, kama zamani. Hiyo peke yake ingetosha ukurasa! Dr. Dre na DJ Yella walikuwa kwenye biti. Sikilizeni wimbo wa Alwayz into Somethin', kile kinanda chembamba kinacholia juu ya besi. Mwaka 1992 Dre akaja na sauti ya namna hiyo kwenye albamu yake The Chronic na watu wakaiga mpaka huku kwetu. Sisemi albamu yote ni nzuri. Nusu ya pili imejaa matusi kwa wanawake ambayo siwezi kuyapiga nyumbani kwangu, na hapo Ice Cube anakosekana kweli, maana yeye hasira yake ilikuwa na siasa ndani. Mngeandika hivyo, nisingekuwa na neno.

Mimi nilikuwa kwenye kundi la hip hop hapa Tandika, enzi albamu bado zinatoka kwa kanda. Mwenzetu mmoja, ambaye sauti yake ndiyo iliyojulikana zaidi mtaani, alijitoa. Tuliobaki tuliandika upya beti zake zote, tukalipia studio kwa hela ya kubeba mizigo sokoni, tukamaliza albamu. Tukaalikwa redioni. Mtangazaji alikuwa na kanda yetu mezani, nailoni yake haijachanwa, kaiwekea glasi ya chai juu. Swali la kwanza: “Ebwana, jamaa kawamwaga kwa ajili ya mkwanja au demu?” La pili lilikuwa hilohilo, na la tatu. Rafiki yangu alikuwa ameandika wimbo kuhusu mama yake aliyelazwa chini wodini, akaomba upigwe japo ubeti mmoja. Akaambiwa muda umekwisha, kisha ukapigwa wimbo wa zamani, wenye sauti ya yule aliyetuacha. Tulipotoka nje rafiki yangu hakusema kitu, akapanda daladala akaenda zake. Hakuandika tena. Mtu aliyekuwa na kipaji kuliko sisi wote, na hakuna aliyewahi kuusikia ule wimbo hewani, kwa sababu mtu mmoja mwenye kipaza sauti alitaka umbea.

Na wasambazaji nao! Yule tuliyempelekea masta, ile kanda mama ya kurudufia, Kariakoo aliichukua kwa sharti kwamba picha ya mwenzetu aliyejitoa iwekwe jaladani, eti sura yake ndiyo inauza. Akatulipa hela ya mkupuo, tukagawana, basi. Kanda ngapi zilitolewa hatukuwahi kuambiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu 1999, COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, wapo, ila vijana wa Temeke wasio na mwanasheria wangeanzia wapi? Sasa nyimbo zetu ziko YouTube, kaziweka mtu tusiyemjua kwa jina la yule aliyeondoka, na watu wanamsifu kwa mistari ambayo hakuiandika wala hakuichana.

TMK Wanaume, kundi la muziki la hapa Temeke, walipogawanyika, Juma Nature akaenda na Halisi, Temba na Chege wakabaki na Family, ugomvi tuliusoma mpaka tukachoka. Nionyesheni makala moja ya wakati ule iliyoeleza biti zilibadilika vipi au viitikio viliangukia kwa nani. Mimi sijaiona.

Naomba hivi. Kila mnapoandika kuhusu albamu ya kundi lililoondokewa na mtu, wekeni kisanduku pembeni: kila wimbo, nani kauandika, nani kachana ubeti upi, nani katengeneza biti, studio gani. Jina la aliyeondoka lisizidi mara tatu katika makala nzima. Na mwandishi asiguse kalamu kabla hajaisikiliza albamu yote kwa spika, siyo kwa simu, maana kwenye simu besi haipo kabisa. Anzeni na hiyo ya 1991, Jumamosi hii inayokuja. Mwandishi wenu akikosa pa kuisikilizia aje Tandika. Kanda ninayo, na redio yangu ya kanda bado inapiga pande zote mbili.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam