Usiagize ng'ambo, shuka bondeni

Uyole, Mbeya

Mwalimu mwenzangu,

Habari za Mafinga, na watoto hawajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu, baridi imeanza kutubana na mahindi yamekauka yanasubiri kuvunwa.

Umeniuliza namna ya kuagiza kutoka Marekani ule mmea uliouona kwenye simu, unaojifunga nzi akitua. Nakuomba uahirishe. Si kwamba haufai, dionea ni mmea wa ajabu kweli. Kila upande wa jani lake una vinywele, kwa kawaida vitatu, na mdudu akivigusa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, jani linajifunga kufumba na kufumbua. Lakini kwao ni North Carolina na South Carolina tu, unahitaji miezi kadhaa ya baridi ya kupumzika, na biashara yake ya kuvuka mipaka iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kwa mtu anayeanza ni kujitwisha mzigo bure, wakati mmea mwingine unaokula wadudu uko hapahapa kwetu.

Ninasema drosera. Ile iitwayo Drosera madagascariensis, pamoja na jina lake la kisiwani, inaota Tanzania pia. Nenda kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni zenye unyevu, kisha panda hadi kwenye chemchemi ambako jembe halijafika: nyasi fupi, jua la kutosha, maji yanachuruzika juu ya mchanga au udongo mweusi. Piga magoti. Ukisimama hutaiona, kwa kuwa ni ndogo na imejificha kwenye nyasi. Ina majani mekundu mfano wa vijiko vidogo, yamejaa vinywele, na kila kinywele kimebeba tone linalong'aa. Wengi hudhani ni umande, ila rudi saa saba mchana jua likiwaka uyakute matone yaleyale. Ni ulimbo. Mdudu mdogo akitua ananasa miguu, anahangaika, na kadiri anavyohangaika ndivyo vinywele vya jirani vinavyomwinamia. Nimekaa kwenye kigoda nikitazama jani moja mpaka chai ikapoa. Kufikia jioni lilikuwa limemkunja mdudu, limeanza kumyeyusha.

Sasa shika hili kuliko yote nitakayokuandikia. Drosera haili wadudu kwa kukosa chakula. Chakula inajitengenezea kwa jua, kama mahindi yako. Inachokosa ni naitrojeni na fosforasi, kwa sababu udongo wa mahali inapoota huwa maskini. Mdudu ndiye mbolea yake. Kwa hiyo usiweke samadi, usiweke yuria, usiweke udongo wa bustani hata kiganja. Mizizi yake haikuzoea utajiri huo, itaungua. Changanya piti mosi, ile wanayooteshea miche ya nyanya kwenye trei, na mchanga wa mtoni uliouosha mpaka maji yatoke meupe. Muulize muuzaji kama piti hiyo imetiwa mbolea, kwani nyingi hutiwa. Ikiwa imetiwa, iache.

Maji nayo ni ya mvua tu. Ya bomba na ya kisima yana chumvichumvi zinazojikusanya kwenye kopo hadi mmea ufe, na kuyachemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na chumvi inabaki. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha kinga madumu ya kutosha kukuvusha kiangazi. Kopo lenye matundu liweke ndani ya sahani yenye maji, mahali penye jua. Basi. Wadudu itajitafutia yenyewe.

Ukishaizoea, ipeleke darasani. Mwanasayansi Charles Darwin alianza kuichunguza drosera ya kwao Uingereza mwaka 1860, akachapisha aliyoyaona mwaka 1875. Alikuwa anaweka vipande vya nyama, ute wa yai uliochemshwa, hata vipande vya glasi, kisha anatazama jani linafanya nini. Wanafunzi wako wanaweza kulinganisha chembe ya ute wa yai na chembe ya mchanga wakaona wenyewe. Jaribio hilo halihitaji maabara, na sijui somo la mimea linalowaamsha watoto wa nyuma ya darasa kama hilo.

Ila usiing'oe porini. Inaniuma sana nikiona chemchemi zinachimbiwa mifereji ili kinyungu kiongezeke, maana maji yakihama, drosera zote za pale zinakwenda nazo, pamoja na utrikularia, zile zenye maua madogo zinazovuta wadudu wa majini kwa vifuko vilivyofichika chini. Na ukienda Kitulo, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Tazama, piga picha, usichume kitu.

Mbegu nitakutumia mimi, zangu zimekomaa. Ni laini kama vumbi, nitazikunja kwenye karatasi ndani ya bahasha na kumkabidhi kondakta Ijumaa asubuhi. Uwe stendi mchana, nitakupigia basi likiondoka. Zinyunyize juu ya udongo uliolowa, usizifukie, zinataka mwanga ndipo ziote. Zikichelewa wiki kadhaa usimwage kopo. Nipigie kwanza.

Msalimie shemeji na wanao.

Rafiki yako wa Uyole