MINT: Mbao mbichi za mipini zilizouzwa kama kavu

Mafundi wa Visu,
Kibuye, Kisumu.

Kwa Meneja wa Mauzo,

Jozi 200 za vipande vya saipresi mlizotuletea hazifai kufungwa kwenye visu. Jibu la karani wenu kwamba mbao laini ndivyo zilivyo hatulikubali. Saipresi iliyokauka vizuri hutoa mpini mwepesi usiomchosha anayepara samaki kutwa nzima. Kasoro iko kwenye ukaushaji na upasuaji wenu.

Risiti inasema unyevu ni asilimia 12. Tulikwangua vanishi, tukapima kipande cha sentimita 12 kwa 3.5, unene sentimita 1: gramu 24. Kilipokaushwa kwa nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzani ukaacha kushuka, kilibaki gramu 19. Gramu 5 za maji juu ya 19 za mbao ni asilimia 26. Katika vipande kumi tulivyopima, hakuna kilichokuwa chini ya asilimia 22.

Mbao ya namna hiyo huendelea kunywea ikiwa tayari kwenye kisu. Upana hupungua karibu milimita 1, chuma kikachomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Riveti (pini za chuma zinazoishikilia mbao kwenye kisu) nazo haziiachi isogee, kwa hiyo hupasuka kuanzia tunduni. Ufa ukishaingia damu na magamba ya samaki, kisu hicho hakisafishiki tena.

Vanishi hatukuiagiza. Imefungia maji ndani, na gundi ya epoksi inashika vanishi badala ya mbao, kisha vyote hubanduka pamoja. Kumalizia hufanywa mpini ukishafungwa: msasa namba 120, halafu 220, kwa kufuata nyuzi za mbao; kitambaa chenye maji kidogo ili manyoya ya mbao yasimame; ikikauka, msasa wa 320. Mkono wa kwanza wa mafuta ya kitani yaliyochemshwa huchanganywa nusu kwa nusu na tapentaini ili yazame. Mikono miwili au mitatu inayofuata hupakwa bila kuchanganya, kila mmoja baada ya saa 24, na mafuta yanayobaki juu hufutwa baada ya dakika 20, la sivyo mpini hunata. Ncha hupakwa hadi zikinai, maana huko ndiko mbao hufyonzea maji. (Matambara ya mafuta hayo yatandazwe nje yakauke, yakirundikwa huweza kushika moto yenyewe.) Haya yote hayawezekani juu ya vanishi yenu.

Jozi 31 zina kiini cha mti, nazo zimeanza kupinda. Nyingine 17 zina fundo pale pale panapotobolewa tundu la riveti.

Tunadai mchukue mzigo wote kwa gharama yenu na mlete, ndani ya siku 14, jozi 200 zisizo na vanishi, kiini wala fundo, nyuzi zikienda urefu wa mpini, unyevu usiozidi asilimia 12. Zitapimwa mbele ya dereva wenu kabla ya kushushwa. Ikiwa hamwezi, mturudishie fedha zote pamoja na nauli.

Wenu,
Mafundi wa Visu, Kibuye