Mwanangu, usinunue ile ya mara kumi

Baba,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza jana usiku nikitoka kazini, na picha za darubini zote mbili nimeziona. Unataka nikuchagulie. Basi, ile ya 10x25 irudishe kwenye rafu. Najua imekuvutia kwa kuwa inaingia mfuko wa shati na bei yake imeshuka, lakini mimi nilikuwa na kama hiyo hiyo, na sikuwahi kukusimulia ilivyonifanya.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kuwinda bata mzinga wa porini hapa Missouri, Marekani. Mzee jirani aliniacha chini ya mwaloni, yeye akaenda kukaa ng'ambo ya kilima, tukakubaliana hakuna kuhama. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ndege wakaanza ile gulugulu yao juu ya miti walikolala. Nikainua darubini. Nikaona kitu cheusi, kipana, kimetulia kando ya kile kimti cha maua meupe. Nikajua ni dume, amefungua mkia. Nikachukua kisanduku changu cha kuitia, nikaita kama jike, taratibu, nikanyamaza, nikaita tena. Dakika arobaini nzima namwita, mguu umekufa ganzi. Kulipopambazuka vizuri dume wangu akawa kisiki kilichoungua. Kilikuwa hatua hamsini tu kutoka nilipokaa. Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Macho yangu hayakuwa na kosa. Namba ya kwanza kwenye darubini ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi za mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza. 25 kwa 10 unapata 2.5, na huo ndio upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho lako. Alfajiri mboni ya kijana kama wewe inaweza kufunguka hadi milimita sita, saba. Inalilia mwanga, nawe unaipa tundu la sindano. Ile nyingine uliyonitumia, 8x32, inakupa 4. Mchana kweupe mboni hujibana mpaka milimita 2 au 3, kwa hiyo dukani, chini ya mataa yale, zote zitakupendeza. Sisi lakini kazi yetu iko kwenye ule mwanga wa kijivu kabla ya jua.

Tena mara kumi haikuzi ndege peke yake, inakuza na mtetemo wa mkono wako, na mkono ulioamka saa tisa usiku na kushika chuma cha baridi unatetemeka, usinidanganye. Eneo unaloliona nalo linakuwa finyu. Porini, mti juu ya mti, utapoteza muda kumtafuta ndege ambaye kwa macho matupu ulikuwa umeshamwona. Ya 8x32 ina uzito wa kama nusu kilo, ndogo zile ni kama gramu mia tatu. Uwindaji wenyewe ni wa kukaa chini ya mti, hutaisikia. Kama moyo wako umeng'ang'ania kadogo, chukua 8x25, nitanyamaza.

Uliuliza pia darubini ya nini, wakati marisawa yenyewe mwisho wake ni yadi arobaini hivi. Ni ya kujua unachokitazama kabla bunduki haijanyanyuka. Msimu wa machipuko sheria ya jimbo hili inaruhusu dume, au ndege yeyote mwenye ndevu zinazoonekana. Ndevu za bata mzinga ziko kifuani: kishada cha nyuzi nyeusi ngumu, kama brashi ya viatu iliyochakaa. Dume mzima anazo za inchi tisa, kumi. Dume kijana inchi tatu, nne, na kwenye nyasi zinapotea kabisa. Kijana utamjua pia kwa mkia, manyoya ya katikati yanayazidi mengine urefu. Jike kifua chake kina ncha za hudhurungi, dume ncha nyeusi. Mambo haya yote ni ya kuonwa kwa kioo kizuri, siyo kwa kubahatisha. Na kama bunduki utakayoazima ina kioo cha kulengea juu yake, usikitumie kutazamia. Kila unachokitazama kwa kioo cha bunduki umekwisha kukielekezea mtutu, na porini msimu huo tuko watu wengi tumejificha.

Sasa, yule ndege anaona kukuzidi. Macho yako pembeni mwa kichwa, anakuona bila kugeuka. Usiinue darubini akiwa wazi mbele yako. Subiri kichwa kipite nyuma ya mti, au subiri ajitanue mkia na kukupa mgongo; hapo mkia wenyewe unamziba macho, nawe una sekunde mbili tatu. Ivae juu kifuani kwa mikanda ya mabegani, siyo kuning'inia tumboni, ili mkono usafiri kidogo. Viwiko viweke magotini.

Kesho dukani fanya hivi. Ishike mbali na uso, ielekeze kwenye mwanga, tazama vile viduara viwili nyuma: viwe duara kamili, siyo vimekatwa pembe. Iombe uitazamie kona yenye giza, chini ya rafu ya mwisho, usome maandishi ya boksi. Vaa miwani yako na kofia ile ile ya kuwindia, shusha zile raba za machoni, uone kama picha bado imejaa hadi kingoni. Ikiwa unaona kama kupitia bomba, acha. Jicho la kushoto lirekebishie gurudumu la katikati, kisha la kulia kwa pete yake. Na isiwe ya kuingia maji. Umande wa huku Aprili unalowesha mpaka soksi.

Mfuko wake ukiwa wa velkro uache nyumbani. Ile kraaa yake, ndege yuko kaunti ya pili.

Baba yako anasema bata mzinga yuko dukani tayari, amechinjwa, amenyonyolewa, na anauzwa rahisi kuliko risasi zetu. Sina jibu la kumpa.

Ijumaa ukifika usiku, ufunguo uko pale pale. Kiti changu cha porini kimevunjika mguu, njoo na chako. Na mzee amenituma nikuambie zile soksi nyekundu ulizovaa mwaka jana ziache: ukikaa suruali inapanda, na nyekundu, nyeupe na buluu ndizo rangi za kichwa cha dume, mwindaji mwingine asije akakudhani ndege.

Mama yako